Pampu ya Mama Mkwe

Kazi yangu ni kusaga nafaka. Kutwa nasimama kando ya injini ya dizeli. Jioni narudi nyumbani mweupe kwa unga, kuanzia nyusi hadi viatu. Mtaani wananiita Injinia. Jina hilo nilipewa siku nilipotengeneza redio ya jirani, nami sikulikataa. Ningelikataa, huenda aibu hii isingenipata.

Nyuma ya nyumba yetu kuna bustani. Mke wangu alikuwa amepanda kabichi, matuta sita. Mvua ikagoma. Kisima tunacho, lakini kumwagilia kwa ndoo kulimvunja mgongo. Basi akamwomba mama yake pampu ya maji. Mama mkwe aliileta mwenyewe, kaifunika kwa shuka safi.

"Baba," aliniambia, "pampu hii ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Nafurahi inakwenda kwa mtu anayejua."

"Ondoa shaka, Mama," nikajibu. Nikakohoa kidogo, kikubwakikubwa.

Kesho yake asubuhi mke wangu alinunua petroli na kuiweka uani. Pembeni palikuwa na dumu langu la dizeli ya mashine ya kusaga. Madumu yote mawili yalikuwa ya njano, hayana alama. Mke wangu alikuwa anafua.

"Angalia vizuri, mume wangu," akasema. "Madumu yanafanana."

"Unanifundisha mafuta, mimi?"

Nilifungua dumu la karibu, nikanusa harakaharaka. Sikusikia harufu yoyote. Mtu anayeshinda kwenye dizeli, pua yake imeshaizoea. Hata mto wangu wa kulalia unanuka dizeli. Nikamimina.

Injini iliwaka. Ilikuwa bado na petroli kidogo ya zamani, ila hilo nililijua baadaye. Maji yakafika tuta la pili. Kisha injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Nikavuta kamba. Nikavuta tena, mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Hapo nikarudi kwenye lile dumu, nikatia tone mkononi. Likateleza, halikukauka.

Nikajua. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Badala yake nilifunga kifuniko.

"Vipi?" mke wangu akauliza.

"Pampu ya mama yako ni mbovu."

Maneno yalitoka mepesi kabisa. Mke wangu aliinamisha kichwa, akaenda kuchukua ndoo.

Siku tatu alibeba maji. Mimi nilibeba ndoo mbili tatu kabla ya kwenda kazini, halafu nakimbia, maana sikuweza kumtazama usoni. Kabichi zikaanza kulegea. Kazini nilikosea kipimo cha unga mara mbili. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilikuwa bado naitembea.

Siku ya nne nilikuta watu uani. Mama mkwe alikuwa amekuja na Mama Spana, jirani yetu anayetengeneza pikipiki. Aliponiona, mama mkwe alisimama.

"Baba, nisamehe," akasema. "Nimekupa kitu kibovu, nikakusumbua bure. Nimekuja na fundi."

Mama mkwe ananiomba radhi, mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Jirani," Mama Spana akaniuliza, "uliweka mafuta gani?"

"Petroli," nikasema.

Hakubisha. Kwanza alilisogeza mbali jiko la mkaa. "Panapofunguliwa mafuta, moto hauna nafasi. Sigara pia," akasema. Aliigusa injini, akaona imepoa. Akachana vipande viwili vya karatasi. Kimoja alikitia tone kutoka kwenye tangi la pampu. Kingine alikitia tone kutoka kwenye dumu la petroli. Akaviweka kivulini.

Tukasubiri, wote tunatazama karatasi. Tone la petroli lilikauka, karatasi ikabaki safi. Tone la pampu lilibaki na doa la mafuta.

"Pua hudanganya," Mama Spana akasema. "Karatasi haidanganyi. Petroli hukauka. Dizeli huacha doa."

Mama mkwe alishika kifua. "Basi ni mimi. Labda niliacha mafuta mabaya ndani."

Hapo nikashindwa.

"Si wewe, Mama. Ni mimi. Niliweka dizeli. Nilijua siku ileile, nikaisingizia pampu yako. Nisamehe."

Mke wangu aliweka ndoo chini. Mama mkwe akasema neno moja tu:

"Siku nne binti yangu anabeba ndoo."

Laiti angenitukana.

"Aibu itasubiri," Mama Spana akasema. "Kabichi hazisubiri. Njoo ushike debe hapa."

Alinifanyisha kazi yote kwa mikono yangu. Tulifungua bomba la mafuta, tukamwaga dizeli yote kwenye debe. Nilitaka kuivuta kwa mdomo ili iishe haraka. Akanipiga kofi mkononi. "Mafuta hayanyonywi. Yakiingia kwenye mapafu, utakuja kunilaumu." Kisha tukafungua skrubu ya chini ya kabureta, mahali mafuta yanapokaa kabla ya kuingia kwenye injini. Ikatoka dizeli nyingine. Tukasuuza tangi na kabureta kwa petroli kidogo.

"Sasa plagi," akasema.

Niliifungua. Ilikuwa imelowa, nyeusi.

"Unaona? Petroli huwashwa na cheche ya plagi. Dizeli haiwaki kwa cheche kirahisi. Injini yake huibana hewa mpaka ipate joto kali. Hii haina nguvu hizo, kwa hiyo ulikuwa unailowesha tu. Na kila ulipovuta kamba, ukaongeza."

Tukaifuta plagi na kuiacha ikauke. Debe tukalipeleka mbali. Alizima swichi, akaniambia nivute kamba taratibu plagi ikiwa nje, ili mafuta yaliyobaki yatoke. Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepanda na kuwa nyepesi.

"Dizeli imeingia humu pia. Tunabadilisha. Usipobadilisha, injini itasagika ndani."

"Na hii ya kwenye debe?" nikauliza. "Niimwage mtaroni?"

"Ukimwaga mtaroni itafika kisimani. Na usiitie kwenye jiko, italipuka. Niletee gereji, najua pa kuipeleka." Akanitazama. "Umeuliza. Umeanza kupona."

Tulitia oili mpya, tukafunga kila kitu, tukatia petroli safi. Nilivuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Injini ikawaka kwa moshi mwingi, kisha moshi ukapungua, ukaisha. Maji yakatoka. Mama mkwe alivua viatu, akaingia mwenyewe kati ya matuta na mpira wa maji.

Jioni ile nilipaka dumu la petroli rangi nyekundu, nikaliandika PETROLI kwa herufi kubwa. Dumu la dizeli nikalirudisha kazini, na halijakanyaga tena uani kwetu. Tuta moja lilikauka. Matano yalipona, na kabichi zake zilijaa mikono miwili.

Ya kwanza nilimpelekea mama mkwe. Nilipiga magoti, nikaomba radhi upya. Aliipokea, akaipima uzito.

"Mimi umeniomba mara mbili sasa," akasema. "Mwenye ndoo je?"

Nilirudi nyumbani mbio. Mke wangu alikuwa anafua, palepale.

"Uliniambia niangalie madumu," nikamwambia. "Nikajifanya najua. Halafu nikakuacha ubebe maji kwa uongo wangu. Nisamehe."

Alikamua shati mpaka tone la mwisho. Akalitundika. Kisha akaniletea ndoo.

"Nimekusamehe, Injinia," akasema. "Sasa nenda kisimani ukaniletee maji ya kusuuzia. Kwa mkono. Pampu leo imepumzika."

Nikaenda. Nilirudi mara nne, na sikuuliza zimebaki ndoo ngapi.