Kilo Saba za Ziada

"Kilo mbili, kaka! Soma mwenyewe, muuzaji kaandika kilo mbili!"

"Na mizani yangu inasema tisa," karani wa forodha alijibu bila kuinua macho. "Sasa nimwamini nani, chuma hiki au mtu wa ng'ambo nisiyemjua?"

"Mizani yako mbovu."

"Mbovu kwako tu? Asubuhi nzima imepima vya wenzako, hakuna aliyelia."

Watu kwenye foleni walicheka. Binti aliyekuwa akigombana alikuwa mshonaji, mwembamba kiasi kwamba mtaani walimwita Sindano. Ndani ya kifurushi kile mlikuwa na lesi ya gauni la harusi la mteja wake, ambayo aliinunua mtandaoni. Alidhani ukishalipa bei kwenye simu, basi, mambo yamekwisha.

Karani alishusha sauti, akamweleza taratibu kama anayemfundisha mdogo wake. "Hatutozi kwenye bei ya kitambaa peke yake. Tunachukua bei, tunaongeza nauli na bima. Kwenye jumla hiyo tunapiga ushuru. Halafu jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe, tunapiga kodi nyingine juu yake. Na nauli inakwenda kwa uzito. Ndiyo maana hizo kilo zinakuuma."

"Lakini hii ni zawadi. Imeandikwa hapo."

"Naona. Zawadi kutoka kwa ndugu." Karani alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ndugu gani?"

Sindano alianza kuhesabu pesa zake. Yeye ndiye aliyemwomba muuzaji aandike hivyo, kwa kuwa alisikia zawadi hazilipiwi. Ndugu hakuwa naye hata mmoja. Mama yake alifariki miaka miwili nyuma, na tangu hapo, katika vile vyumba viwili walivyopanga, kikombe kimoja tu ndicho kilichooshwa kila siku.

Alilipa. Kisha akatia sahihi chini ya mstari uliosema: Nakiri kwamba vyote vilivyomo humu ni vyangu.

Nyumbani alikata utepe, akaiweka lesi kwenye mizani ya jikoni. Kilo mbili kamili. Akapima sanduku tupu. Mshale ulitikisika kidogo tu. Alisimama pale akijiuliza zile saba zimeishia wapi, na nyuma yake kiti cha mama yake kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anapokaa.

Siku ya pili ikaja harufu, harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi zikasahaulika. Siku ya tatu, saa nane mchana, jua likiwa limejaa dirishani, aliinuka kwenda kunywa maji akasikia cherehani ikishona. Aliporudi, pindo la gauni lilikuwa limekwisha, tena limenyooka kuliko mkono wake ungeweza.

"Nani?" alinong'ona.

"Umechoka, dada," sauti ilijibu karibu kabisa na sikio lake. "Kaa, mimi nimalizie."

Alitaka kukimbia, na miguu ilikwisha kugeukia mlangoni, lakini pumzi ya baridi ilikuwa shingoni mwake, na kitu kama mkono kikapita taratibu begani kikipangusa vipande vya uzi kwenye blauzi yake kama mama yake alivyokuwa akifanya kila jioni, na katikati ya hofu akakumbuka kwamba kwa miaka miwili hakuna mtu aliyemwona amechoka, na akakaa.

Siku ya nne aliosha vikombe viwili.

Siku ya tano bibi harusi alikuja kuchukua gauni. Alifurahi mpaka akajizungusha mara tatu mbele ya kioo. Kisha akamtazama fundi wake. "Wewe, mbona sketi inakudondoka? Unakula kweli?"

"Kazi nyingi tu, dada."

Alipoondoka, Sindano alikwenda duka la dawa akapanda kwenye mizani. Alikuwa amepungua kilo tano. Siku tano, kilo tano. Na nyumbani, mguu mmoja wa kile kiti ulikuwa umepasuka kwa uzito.

Siku ya saba mlango uligongwa. Alikuwa karani wa forodha, hakuvaa sare, na mkononi alikuwa na karatasi na kalamu.

"Tangu uchukue ule mzigo sijatulia," alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka juzi mzee mmoja aliandika hivyohivyo, zawadi ya ndugu, na uzito ukazidi hivyohivyo. Nikamtoza, nikanyamaza. Walipovunja mlango wake walikuta nguo zake zimekaa kitini, vifungo vimefungwa vyote, ndani hamna mtu."

Sindano alishika mwimo wa mlango.

"Kuna siku saba za kurudisha," karani aliendelea. "Nipe sanduku, hata tupu. Tia sahihi kwamba huutaki mzigo huu. Utaondoka nami, hautakuwa wako tena. Leo ndiyo mwisho, dada yangu. Angalia mkono wako ulivyo."

Alipokea kalamu. Bangili ikamteleza kifundoni, ikaanguka sakafuni. Mle ndani cherehani ikanyamaza.

"Dada," sauti iliita, ndogo, yenye woga kama ya mtoto. "Nikienda, utakaa na nani?"

Karani aliisikia. Alirudi nyuma hatua moja, uso umempauka. "Usigeuke," alinong'ona. "Andika tu. Andika, tafadhali."

Sindano aligeuka. Vikombe viwili vilikuwa mezani, na kimoja kilikuwa bado kinafuka mvuke. Kisha akamrudishia karani kalamu yake, akaanza kuufunga mlango polepole, kama mtu anayechelea kumwamsha aliyelala.

"Mwache, kaka," alisema. "Nimeshamlipia."