Supu Mia, Mpishi Sifuri

"Hizi tambi zimezama," alisema Mama Dominika.

Alikuwa ameinamia bakuli kama mtu anayetafuta pete iliyodondoka kisimani. Mimi nimesimama pembeni na aproni yangu, jasho linanitoka kuliko nilipokuwa jikoni.

"Hazijazama, mama. Ndivyo zinavyoliwa. Inaitwa rameni, ni chakula cha Wajapani."

"Wajapani hawachuji tambi?"

"Hawachuji, mama."

"Na sukari?"

"Haiwekwi."

Akanitazama kwa huruma, akarudi kwenye bakuli.

Naitwa Silvano. Rameni nilijifunza kwenye hoteli moja Dar es Salaam, nikarudi kwetu Masasi nikafungua mgahawa wa meza nne, na watu wakanicheka mpaka walipoonja. Kicheko chao hakikuninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni barua ya posa niliyoipeleka Newala miezi miwili iliyopita. Dominika nampenda, naye ananipenda, hilo halina mjadala. Wajomba zake walishakubali, ila wakasema neno la mwisho analo dada yao. Na dada yao akasema hajibu barua ya mpishi kabla hajala kwake, ajue binti yake anakwenda kulishwa nini.

Ndiye huyo sasa, ameshuka na gari la asubuhi kutoka Newala, na dumu tupu la lita ishirini ameliweka miguuni.

"Na hivi vijiti?"

"Vya kulia, mama."

"Nipe kijiko. Vijiti nitawashia moto."

Akavitia kwenye mkoba. Hakuwa anatania.

"Yai umelitoa jikoni mapema."

"Ni makusudi, mama. Kiini kinatakiwa kiwe laini."

"Hm."

Nikachukua kitambaa, nikaifuta meza ya jirani iliyokuwa safi tayari.

Akala tambi, akala nyama, akala hata lile yai. Kisha akaweka kijiko, akasimama, akatoka nje bila kusema neno. Bakulini supu ilibaki yote, supu niliyoichemsha tangu jana yake kwa mifupa ya ng'ombe na jogoo wa kienyeji.

Simu ikatoa mlio wa meseji. Ni Dominika, yuko Newala shuleni anakofundisha.

"Vipi huko?"

"Supu kaikataa. Katoka bila kuaga."

"Mama yangu, bila kuaga? Subiri kwanza."

Mimi nikiumia siwezi kusubiri, lazima mikono ifanye kitu. Nikabeba bakuli, supu nikaimwaga kwenye sinki, nikafungulia bomba nikaanza kusuuza.

Nilipogeuka, Mama Dominika amesimama mlangoni. Mkononi ana chupa tupu ya maji, kifuniko ameshakifungua.

"Supu yangu iko wapi?"

Nikaangalia sinki. Naye akaangalia sinki. Bomba bado linatiririka.

"Nilidhani hujaipenda, mama."

"Nilikwenda kuchukua chupa duka la hapo nje, kwa Mujibu, ndiko nilikoacha mizigo. Kwetu tunaanza kula vya kutafuna. Cha maji kinawekwa mwisho, kinatunzwa, kwa sababu hujui bomba litatoka lini."

Sauti haikupanda. Bora angenigombeza.

"Nilikuwa nashuka bondeni kuteka maji, Dominika mgongoni. Nikipanda ule mlima, tone likidondoka naliona. Wewe umemwaga supu, na juu yake ukaongeza maji."

"Nisamehe, mama."

"Supu nimeipa mia. Mpishi sifuri." Akanisogezea dumu kwa mguu. "Na kabla hujafunga hilo bomba, jaza hili."

Nikalijaza, nikalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari la Newala. Safari hii kweli hakuniaga.

Jioni Dominika akapiga.

"Silvano, umemwaga kweli?"

"Nimemwaga."

"Kwenye sinki?"

"Kwenye sinki."

"Mama hamwagi hata maji aliyooshea mchele. Barua yako kaitoa kwenye Biblia, sasa hivi iko jikoni karibu na kuni."

Nikakaa chini sakafuni.

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema nakupenda. Ila siolewi mama yangu akiwa amenuna. Jumamosi panda, njoo na mifupa yako."

Jumamosi nikapanda Newala na mifupa, tambi, mayai na mchicha. Nikapiga hodi, nikaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mpishi."

Akaniwekea dumu mbele. Nikalitambua.

"Ni lile ulilojaza mwenyewe. Pikia, oshea vyombo, nawa. Ukimaliza nataka nilitikise nisikie maji yamebaki."

Sijawahi kupika kwa woga namna ile. Maji niliyooshea mchicha yakaenda kwenye mche wa mpapai. Niliyochemshia tambi nikaoshea sufuria. Dominika anapitapita, anajifanya anatafuta ungo.

"Tumia kikombe," ananinong'oneza. "Usichote kwa kata."

Nikampakulia mama, akakaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Akala tambi, akala nyama, akala yai. Akaweka kijiko, akasimama, akaingia ndani bila kusema neno. Supu imebaki yote.

Mara hii nilikuwa na akili. Nikaifunika kwa sahani, nikakaa pembeni yake. Kuku wakaja, nikawafukuza. Jua likahama, nikahama na bakuli kivulini. Lisaa likapita.

"Dominika, mama anafanya nini huko?"

"Amelala."

"Amelala?"

"Anakoroma kabisa. Sogea basi nikae."

Akakaa, bega lake likagusa langu. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na hofu, vyote kwa pamoja.

"Na mimi utanitunza hivi hivi?" akaniuliza.

"Kuliko hivi. Wewe sitakufunika na sahani."

Akacheka akaziba mdomo kwa khanga, na ndani mkoromo ukakatika.

Mama Dominika akatoka. Akafunua sahani, akaonja.

"Imepoa."

"Niipashe, mama?"

"Kwa kuni za nani?"

Akaliinua bakuli kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akalipindua tuone halijabaki tone. Halafu akaliendea dumu, akalitikisa. Maji yakacheza ndani, zaidi ya nusu. Akalitikisa tena, nadhani kwa raha yake tu.

Akaingia jikoni, akatoka na barua yangu. Ilikuwa na masizi kidogo pembeni. Akaipangusa kwa khanga yake, akaikunja vizuri, akaitia kifuani.

"Waambie wazee wako waje Jumapili ijayo."

Dominika akanishika mkono pale pale mbele ya mama yake. Mimi machozi yalikuwa yananilenga.

"Na usilie," mama akasema, ameshabeba dumu lake anarudi ndani. "Waambie waje na maji yao ya kunywa, mkwe."