Shahidi Lazima Awepo

Saa kumi na mbili jioni mpiga picha alishuka ngazi kwenda kuchapisha fomu. Miguu ilikuwa mizito kama ya mtu aliyetembea kutwa, na kumbe kutwa hakutoka chumbani. Alikuwa amesimama, mgongo umepinda, jicho kwenye kamera, akimpiga mkewe picha.

Ndiyo kazi yake. Anapiga picha, anaziweka kwenye tovuti, na watu asiowajua wanazinunua kwa matangazo yao, vitabu vyao, vipeperushi vya kliniki zao. Watu wa kukodi hakuwamudu, basi mkewe akawa wote. Jumatatu mwalimu. Jumanne mgonjwa. Jumatano daktari wa yule mgonjwa. Majirani wakamwita Bi Sura. Mwanzoni alicheka. Siku hizi alikaa tu kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, akingoja kuambiwa afurahi au ahuzunike.

"Hii ya leo ikipita, mke wangu, unapumzika mwezi mzima," alikuwa amemwahidi asubuhi.

"Huo mwezi nao umechoka kuahidiwa," mkewe akajibu, akafunga vifungo vya koti la muuguzi.

Picha ilitoka nzuri kuliko zote. Saa kumi ikarudishwa. Wakaguzi wa tovuti waliandika mstari mmoja: *Mtu wa pili anaonekana. Leta fomu yake ya ridhaa.*

Mtu wa pili? Pale palikuwa na mkewe, ukuta na pazia. Lakini kubishana na wakaguzi huchukua wiki tatu. Ni rahisi kuwapa wanachotaka.

"Leo mbili?" mwenye duka la kuchapisha aliuliza, akivuta karatasi mashineni. "Bi Sura kaletewa mwenzake?"

"Moja ya akiba, nisije nikakosea. Mke ni huyohuyo, na huyo mwenyewe ananishinda."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaotaka kurudi nyumbani.

Fomu ile ina nafasi mbili za saini. Ya kwanza ni ya aliyepigwa picha. Ya pili ni ya shahidi, mtu aliyekuwepo akaona kwa macho yake. Miaka mitatu nyuma, fomu ya kwanza kabisa, jirani ambaye mpiga picha alitaka kumwomba awe shahidi alikuwa amesafiri. Basi akabuni jina. Akatia saini kwa mkono wa kushoto, mwandiko usifanane na wake. Ikapita. Jina lile likawa la kudumu, fomu baada ya fomu, hadi zikakaribia mia tatu. Mkewe alipouliza, alimwambia tu kuwa sheria inataka shahidi awepo, asijali.

Sasa alihitaji jina la huyo mtu wa pili. Akafikiri. Kichwa kilikuwa kitupu kama sufuria iliyooshwa. Jina lililomjia ni lilelile. Akaliandika kwenye nafasi ya aliyepigwa picha, akasaini kwa mkono wa kushoto.

Na shahidi?

Akaandika jina la mkewe. Akamsainia. Akaipiga fomu skani palepale, akaituma.

Alipofungua mlango wa nyumbani, harufu ya wino mbichi ilimpokea. Kali kuliko ya dukani. Akadhani ni mikono yake.

Mkewe alikuwa bado kitini, koti la muuguzi mwilini, viatu kavua. Mpiga picha akafungua kompyuta, akaivuta ile picha ikue, ikue zaidi, amwone huyo mtu wa pili. Ukutani, hakuna. Kwenye pazia, hakuna. Kwenye kioo cha dirisha, hakuna.

Akalivuta jicho la mkewe.

Ndani ya mboni alijiona mwenyewe, mdogo kama sisimizi, ameinamia kamera. Hilo ni la kawaida, kila mpiga picha hulijua. Lakini begani mwake...

Uso.

Wa mwanamume. Ameinama, kama anayechungulia kile anachokiona mwenzake.

Akafungua picha ya mwaka jana, akavuta jicho. Yule mtu alikuwa hatua mbili nyuma. Akafungua ya miaka mitatu iliyopita. Mlangoni, kasimama wima, kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

"Mke wangu," alinong'ona. "Huyu... nani?"

Mkewe alitazama kutoka palepale kitini. "Si shahidi wako huyo?"

"Unamjua?"

"Miaka mitatu nakaa nimeelekea huko, nisimjue? Huingia ukianza kupiga. Ukimaliza, anaondoka. Wewe umeinama, hugeuki. Si ulisema sheria inataka awepo?"

"Na hukuniambia."

"Nikwambie nini, kwamba mgeni wako hana salamu?" Akasugua macho. "Leo ndiyo kaongea. Ulipokwenda kubadilisha betri."

"Kasemaje?"

"Kasema amechoka kusimama."

Kwa mbali, kama kutoka chini ya sakafu, palisikika mkwaruzo... wa kalamu juu ya karatasi.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamtania. Nikamwambia mimi nimechoka kukaa, basi siku moja tubadilishane." Akatabasamu, tabasamu lililokwisha nguvu. "Akasema sawa, ila iwe kwa maandishi."

Kompyuta ikalia.

*Fomu imepokelewa. Picha imekubaliwa.*

"Usiinuke hapo," mpiga picha alisema. "Kaa hapohapo, tafadhali."

"Niende wapi, bwana?"

Akaandika haraka: *Nimekosea, futeni ile fomu.* Jibu halikuchukua hata dakika. *Ridhaa iliyosainiwa na kushuhudiwa haifutwi.*

Kiti kikalia. Sauti ya mtu mzito anayekaa, na pumzi ndefu ya mtu anayepumzika.

"Mke wangu?"

"Nipo," mkewe alijibu.

Nyuma ya mumewe.

Aligeuka. Hakukuwa na mtu. Alipotazama tena kitini, yule mwanamume alikuwa amekaa, mikono magotini, na koti la muuguzi limemkaa sawasawa.

Majirani wanasema Bi Sura alirudi kwao. Polisi walikuja mara mbili, wakaandika, wakaondoka. Kwenye tovuti kuna sura mpya: mwalimu, mgonjwa, daktari. Wanunuzi wanaipenda. Wanasema ni sura ya mtu unayehisi ulishawahi kumwona.

Mpiga picha hupiga tangu alfajiri, na hapigi kwa ajili ya wanunuzi. Ni kwamba akibonyeza kamera mara ya kwanza, harufu ya sabuni ya mkewe inaingia chumbani. Pumzi inakuja, inatua begani. Akiishusha kamera, inaondoka. Alishajaribu kugeuka. Hageuki tena.

Jioni moja, mwanga wa dirishani ulipokuwa unakwisha, yule wa kitini alimtazama kwa upole.

"Mikono inakutetemeka," alisema. "Tumalize?"

Mpiga picha akasikia ile pumzi begani ikikatika kidogo, kama ya mtu anayeshika pochi yake tayari kutoka.

"Bado," akasema. "Bado moja."