Mbuzi Aliyevaa Khanga

Mwantumu alikuwa amebeba birika la chai mkono huu na sahani ya maandazi mkono ule, kwa hiyo aliusukuma mlango wa gereji kwa bega. Alikanyaga kitu laini. Alipotazama chini aliona ni kiganja cha mtu. Mwili wenyewe ulikuwa chini ya gari jekundu lenye namba kumi na saba ubavuni, na gari lilikuwa limemlalia.

Alikuwa fundi Basili. Mwantumu hakupiga kelele. Aliweka birika sakafuni, akatoka nje, akamwambia mtu wa kwanza aliyekutana naye pale Majengo akawaite polisi.

Jua lilikuwa halijapanda vizuri Inspekta Theopista Swai alipofika na Koplo Ally. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba 1996, na mji wa Moshi ulikuwa umechangamka tangu alfajiri. Msimu wa mbio ndefu za magari ya saluni, haya madogo ya familia, ulioanzia Nakuru mwezi Machi ukapita Kampala na Lusaka, ulikuwa unamalizikia hapa, kwenye barabara za shamba la mkonge nje ya mji. Ni saa sita mfululizo, madereva wawili kwa gari moja, wakipokezana usukani. Zamani hayo yalikuwa mambo ya Wazungu wa Nairobi. Siku hizi mwenye duka la vipuri angeweza kuagiza gari Dubai, akang'oa viti vya nyuma, akaingia mbioni. Stella Massawe alifanya hivyo, na gari lake sasa lilikuwa linaongoza msimu wa nchi nne.

"Jeki imeshuka," Stella alimwambia Theopista. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimemlilia Basili kama kaka yangu, Inspekta. Lakini ni ajali. Tunaanza saa nane mchana. Gari lisipokuwepo, mwaka wetu wote umekwenda na maji."

Mkuu wake Theopista naye alikuwa amekwisha kumwambia hivyo hivyo kwa simu: andika ajali, waachie watu gari lao, uwanja umejaa wageni.

Theopista hakuwa mtu wa kutulia mahali pamoja akiwa na jambo kichwani. Alilizunguka gari, akaenda mlangoni, akarudi. Walipokwisha kulinyanyua na kuutoa mwili, alichutama. Jeki ilikuwa nzima, ila kifungulio chake kilikuwa kimelegezwa. Ukutani yalikuwa yameegemezwa magogo mawili mazito yaliyochongwa pande nne. Na sakafuni, katikati ya vumbi na mafuta, palikuwa na alama mbili za mraba, safi kabisa.

"Magogo haya ni ya nini?" aliuliza.

Aliyejibu ni Anwar, mmoja wa madereva wawili wa gari lile, kijana mfupi wa Majengo. "Ya kuzuia gari lisishuke. Basili aliangukiwa na gari Tanga zamani, ndiyo maana alikuwa anachechemea. Tangu siku ile haingii chini ya gari bila magogo. Hata kwa kuchungulia."

"Leo yako ukutani."

Anwar aliyatazama, kisha akazitazama zile alama za mraba sakafuni.

Theopista alianza kuhoji mtu mmoja mmoja, nje, kwenye benchi la Mwantumu.

"Shikamoo, mama. Uliamka saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kabla ya adhana nilikuwa nimekwisha washa moto. Namwona kila anayepita hapa. Alipita yule dereva mrefu wa Nairobi, Mathew, akaingia gereji. Hakukaa. Akatoka, akanunua maandazi kwangu, akaenda zake."

"Baada yake aliingia nani?"

"Sikuona. Mlango wa nyuma sio wa kwangu. Ila nilimsikia Basili anaongea na mtu. Nikacheka peke yangu."

"Alisema nini cha kuchekesha?"

"Alisema, 'Mbuzi gani huyo anavaa khanga?' Basi. Huyo mwingine sikumsikia, alikuwa anaongea chini chini."

Theopista alimwomba arudie. Maneno yalikuwa yale yale. Aliinuka, akatembea hadi mwisho wa ukuta, akarudi. Hayakumwingia akilini.

Mathew alipatikana hotelini kwake. Alikiri kwamba alikwenda. "Nilimwomba aje timu yetu mwaka ujao. Alikataa, akasema kule ndiko nyumbani. Nilimwacha mzima, Inspekta, tena ananitania." Kama Mwantumu alisikia sauti ya Basili baada ya Mathew kuondoka, basi si yeye aliyemwua.

Alibaki Anwar, na Anwar hakuwa na hali nzuri. Watu watatu walisema kwamba Lusaka, mbele ya kadamnasi, alimshika Basili ukosi wa shati kwa sababu ya breki.

"Ni kweli," Anwar alisema. "Nilikuwa nimetoka kwenye kona breki zimekufa. Ungekuwa wewe ungemkumbatia? Usiku huo huo tulikula pamoja."

"Leo alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nimelala."

"Nani anajua?"

"Mke wangu, Rahma."

Koplo Ally alimvuta Theopista pembeni. "Afande, kiti cha dereva kimesogezwa mbele kabisa. Hapo anakaa mtu mfupi tu. Aliyekalia gari hili mara ya mwisho ni Anwar."

"Hakuna aliyesema aliyemwua alilikalia gari."

"Hapana, lakini angalia na huku." Ally alimwonyesha ndani ya matairi ya mbele. Tope jekundu lilikuwa limeshika, bado lina unyevu, na ndani yake mlikuwa na nyuzi za jani la mgomba. Moshi mjini mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita. Vumbi lilikuwa linawatoa watu machozi. Taa ya mbele ya kulia iling'aa kama imetoka dukani. Ya kushoto ilikuwa na mikwaruzo ya mawe ya msimu mzima.

Theopista alimwita Stella. "Gari hili lilitoka jana baada ya mazoezi?"

"Hapana. Anwar ndiye aliyelirudisha mchana. Baada yake halikuguswa isipokuwa na Basili."

"Funguo ziko kwa nani?"

"Kwa Basili, na kila dereva ana wake."

"Anwar," Theopista aliita, "ingia ukae kama unavyokaa mbioni. Usiguse kitu."

Anwar aliingia. Kiti kilimfaa sawasawa.

"Unaona nini kwenye kioo cha kati?"

Kijana aliinua macho, akakunja uso. "Naona dari."

"Jana uliendesha huku unaangalia dari?"

"Nitaendeshaje hivyo? Tukipokezana, mtu anavuta kiti kwanza, halafu anashusha kioo. Hiki kimewekwa na..." Alikatisha.

Hakulimalizia neno lile, na Theopista hakumlazimisha. Mtu mrefu alikuwa ameendesha gari lile baada ya Anwar, kisha akakisogeza kiti mbele ili ionekane ni mwingine. Kioo alikisahau.

Dereva wa pili wa gari namba kumi na saba aliitwa Rogath Mtui. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mtoto wa Marangu, huko mlimani, na tangu asubuhi alikuwa ameketi juu ya tairi amejiinamia, amevaa tayari nguo zake za mbio. Jana jioni, alisema, alikuwa kwenye nyumba iliyopangwa na timu Pasua. Alilala mapema. Na asubuhi aliletewa habari akiwa bado kitandani.

"Hukupanda kwenu? Wiki nzima uko Moshi."

"Baba hazitaki hizi mbio, Inspekta. Nikienda tunagombana."

Theopista alimwacha. Alimtuma Ally apige simu vituo vyote vya mlimani, aulize jana jioni kulitokea nini barabarani. Alipokuwa akisubiri aliangalia saa, akakaa, akainuka. Injini za magari mengine zilikuwa zinanguruma zikielekea uwanjani, na kila moja ilipopita Stella alimtazama kama mtu anayemwona mwizi.

Ally alirudi mbio. "Marangu, afande. Mama mmoja wa makamo ameokotwa kando ya barabara jana magharibi, mvua ikinyesha. Mguu umevunjika. Yuko hospitali."

Walipanda na Landrova. Kuanzia Himo hewa ilibadilika, na walipoingia kwenye migomba barabara ilikuwa imelowa, udongo wake mwekundu vile vile. Mahali alipookotwa yule mama, Ally alikusanya vipande vya kioo cha taa akavitia kwenye bahasha.

Mgonjwa aliitwa Justina Mtui. Jina halikumshtua Theopista; nusu ya Marangu ni akina Mtui. Mguu ulikuwa umefungwa plasta, na juu ya kitanda ilikuwa imekunjwa khanga ya njano iliyochanika, kona moja haipo.

Theopista aliitazama khanga ile, na maneno aliyoyasikia Mwantumu yakamwelea.

"Shikamoo, mama. Gari lililokugonga lilikuwaje?"

"Marahaba. Sikugongwa. Niliteleza."

"Daktari anasema uligongwa. Na pale chini pana kioo cha taa."

"Daktari hakuwepo. Nilikuwa natoka kihambani, kwenye migomba yetu, nimebeba majani ya ng'ombe, njia ina utelezi. Sikuona gari."

Theopista aliuliza kwa njia nyingine, na nyingine tena. Jibu halikubadilika. Alikuwa amefika mlangoni, amekata tamaa, mgonjwa alipomwita.

"Mwanangu, umetoka mjini? Lile gari jekundu limekwisha kuanza?"

Theopista hakuwa amesema neno juu ya mbio, wala rangi. Alirudi, akavuta kiti, akaketi, na kwa mara ya kwanza siku ile akatulia.

"Mama, Rogath ni nani wako?"

Justina aligeuzia uso ukutani. "Ni mtoto wa kaka yangu. Nimemlea mimi, mama yake alipofariki. Jana nilisikia amekuja, nikakata njia ya shambani nimwone akipita, nikateleza."

Saa saba ilikuwa imepita walipoingia tena gereji. Stella alikuwa amesimama mlangoni na Anwar nyuma yake. Rogath alikuwa mle mle ndani.

"Rogath," Theopista alisema, "jana jioni Basili alipokwenda kula, ulichukua gari ukapanda Marangu. Ukirudi ulivunja taa. Ulimwambia umegonga mbuzi."

"Nilikuwa Pasua."

"Kiti umekirudisha kwa Anwar. Kioo umekiacha kwa mtu wa urefu wako. Tope la Marangu liko kwenye matairi. Taa iliyovunjika, vipande vyake ninavyo. Basili alikuamini, akakuwekea taa mpya. Leo alfajiri akaingia chini kukagua, akakuta kipande cha khanga kimenasa."

Anwar alimgeukia mwenzake. "Rogath, sema si kweli."

Rogath alivua glavu zake, moja, kisha nyingine. Aliongea bila kumtazama mtu.

"Nilitaka baba alione gari. Mara moja tu, kabla msimu haujaisha. Alilizunguka, akaligusa. Hakusema kitu, lakini aliligusa. Niliondoka nimejaa furaha, naendesha kama mjinga, mvua inanyesha. Kwenye kona nikasikia mshindo. Niliona mtu ameanguka. Sikusimama."

"Na Basili?"

"Alisema akishamaliza kunasua kile kitambaa anakwenda polisi, twende pamoja. Nilimsihi angoje mpaka usiku, mbio ziishe. Alisema huenda huyo mtu bado yuko barabarani. Akaendelea na kazi, ananiongelesha kutoka chini kule. Nikayavuta magogo. Nikafungua jeki." Aliziweka glavu juu ya tairi. "Msimu mzima, Inspekta. Zilikuwa zimebaki saa sita."

Stella aliketi sakafuni na gauni lake zuri. Anwar alitoka nje.

"Uliyemgonga hakufa," Theopista alisema. "Alisikia umekuja, akakata njia ya shambani ili akuone ukipita. Alikutambua. Askari wamemwuliza, mimi nimemwuliza, anasema aliteleza. Hakuna mtu ambaye angekushtaki."

Rogath aliinua uso taratibu. "Nani?"

"Shangazi yako Justina."

Hakulia. Ally alimshika kwapani, akamtoa nje. Walipomfikisha kwenye Landrova aligeuka.

"Usimwambie habari ya Basili. Mwambie nimeshikwa kwa ajili ya mguu wake tu."

"Jioni itatangazwa redioni."

"Basi asiisikie hapo."

Theopista alimwagiza Ally ampeleke kituoni, akaomba gari jingine. Upande wa shamba la mkonge mlio wa magari yote ulipaa kwa pamoja, mbio zimeanza, na watu waliokuwa wamechelewa walikatiza barabara wakikimbia. Alipiga honi mpaka wakampisha, akashika njia ya Marangu.