Vizibo vya Bomba la Bondeni

Mwanamkuu alitua ndoo, akayanusa maji. Yananuka tena.

Bomba la bondeni, huku Kariakoo inakoteremkia Jangwani, ndiyo tabia yake. Mvua ikinyesha, mtaro wa maji machafu unafurika, na maji ya bomba yanageuka rangi. Watu walilalamika tangu enzi za Mwingereza. Mwingereza akaondoka, malalamiko yakabaki.

Ndani, mama mkwe wake, Bi Tatu, alikuwa amempakata mjukuu wake, Sabaha. Mtoto ana miezi minane. Macho yameingia ndani.

"Ameharisha tena, mama?"

"Ni meno, mwanangu. Baba yake naye alikuwa hivi hivi."

"Meno gani hayo yasiyotokeza?"

"Yako njiani." Bi Tatu alimpuliza mjukuu usoni, polepole, kama anayepoza uji. Mdomo ulisema meno, lakini mkono haukuacha kumpapasa tumbo.

Kliniki walimpa Sabaha dawa. Walimwambia Mwanamkuu achemshe maji ya kunywa. Akachemsha. Lakini mkaa haugawiwi bure, na majirani wengi hawakuwa nao.

Akaenda ofisi ya kata, akafoka mpaka sauti ikamkauka. Katibu alimsikiliza.

"Mama, kila mtaa unasema bomba lake ndilo bovu. Fundi ni mmoja. Nionyeshe kwa nini aanzie kwenu."

Mwanamkuu alirudi nyumbani anatweta. "Nimwonyeshe! Si aje ayanywe!"

Polycarp alikuwa uani anafua shati. Ni mtu wa Songea, amepanga chumba nyumba hiyo hiyo, na jioni anafundisha kisomo cha watu wazima.

"Hasira yako ni ya haki, dada," alisema. "Lakini mtaa wa pili nao wana hasira yao. Katibu atazipimaje? Tumpe kitu cha kupimika."

"Kitu gani, Mwalimu?"

"Hesabu. Bomba la juu linatoa maji safi, kwa sababu njia yake haipiti mtaroni. Kule ziko nyumba kumi, na huku nyumba kumi. Waulize kina mama: mwezi huu, watoto wangapi wa chini ya miaka mitano wameharisha? Kila mtoto mgonjwa, kizibo kimoja cha soda. Vitunge kwenye uzi."

Mwanamkuu aliokota vizibo nje ya hoteli ya sokoni, akapita mlango kwa mlango.

"Wee Mwanamkuu, siku hizi unauza soda?" walimtania.

"Soda mmekunywa nyinyi, mimi mmeniachia vizibo! Haya, mwanao aliharisha mwezi huu?"

Jioni alitundika nyuzi mbili ukutani, kwenye misumari iliyo sawa kwa urefu. Uzi wa juu ulikuwa na vizibo vinne. Uzi wa bondeni ulikuwa na kumi na tisa, unaning'inia karibu kugusa sakafu.

"Hii ndiyo grafu," alisema Polycarp. "Wengine huichora kwa penseli. Jicho linaona kabla mdomo haujasema. Watoto wote wa juu ni wangapi?"

"Ishirini na watatu. Huku ishirini na wanne."

"Karibu sawa. Basi tunaweza kulinganisha. Na hivi vitatu vya mwisho, vilivyofungwa pamoja, ni vya nani?"

Mwanamkuu aliinama. "Vya Sabaha."

"Vitatu?"

"Ameugua mara tatu, Mwalimu. Mara zote tatu nimelia."

Polycarp alivishika vile vitatu. "Najua, dada. Tulikusikia. Lakini wenzako umewawekea kimoja kimoja. Katibu akigundua hivi viwili vya ziada, atavitilia shaka na vile vingine vyote."

Mwanamkuu alifungua fundo mwenyewe. Akatoa viwili, akavifumbata kiganjani. Vikabaki kumi na saba.

Asubuhi walikwenda kwa Katibu, Bi Tatu nyuma na mjukuu mgongoni. Katibu alizitazama zile nyuzi kwa muda.

"Lakini watoto wadogo huharisha wakiota meno," alisema.

Bi Tatu alisogea mbele. "Hata mimi nilisema hivyo, baba. Usiku kucha nimesema hivyo." Akagusa uzi mfupi. "Kwani watoto wa bomba la juu hawaoti meno?"

Katibu alivihesabu vizibo kwa kidole. "Na hamkutia chumvi?"

"Wangu ameugua mara tatu," alisema Mwanamkuu, "kizibo chake ni kimoja. Chagua nyumba yoyote, ukaulize."

Katibu alikwenda kweli. Alichagua nyumba mwenyewe, akauliza, hesabu ikakubali. Wiki hiyo hiyo fundi alifukua mtaro. Bomba lilikuwa limepasuka, na kila mtaro ulipofurika lilikuwa likivuta uchafu. Akaweka jipya, akalipitisha mbali na mtaro.

Mvua zilirudi mwezi uliofuata. Mwanamkuu akapita tena mlango kwa mlango huku bondeni, akatunga uzi wa tatu, akautundika kando ya zile mbili. Vizibo vitano. Cha Sabaha hakikuwamo.

"Mamaa! Ameniuma!" Bi Tatu alipiga kelele kutoka chumbani, anacheka, kidole kiko hewani. "Njoo uone, limetokeza!"

"Na kuhara, mama?"

"Hata kidogo."

Vile vizibo viwili alivyovitoa, Mwanamkuu hakuvitupa. Alivifunga pamoja, akavining'iniza juu ya kitanda, mahali mikono ya mtoto isipofika. Upepo wa dirishani ukivigonganisha, Sabaha hucheka, na jino lake moja huonekana.