Herufi A.K. kwenye Jiwe la Onsongo

Rafiki yangu Mongina, mwalimu wa Litein, alinisimulia siku aliyotafuta kaburi la babu yake Onsongo, mchuma chai wa zamani karibu na Kericho. Wiki iliyofuata trekta ingepita hapo, na familia ilitaka mifupa irudi Nyamira.

Saa kumi jioni ukungu ulishuka hadi majani ya chai yakapotea. Kwa tochi ya simu alisoma kwenye jiwe la kaburi: ONSONGO A.K. 1961.

"Alikufa 1961," akasema.

Mlinzi wa shamba, Mzee Kipkosgei, alikataa. "Baba yangu ndiye alichonga haya mawe, mama. Aliandika vile alitamka, g yake ilikuwa k. Hiyo ni 'anakonga'. Tangu hiyo mwaka."

Mongina alicheka. "Anagonga nini, mzee? Mlango?"

Mzee hakucheka. Chini ya jiwe kitu kiligonga mara tatu, polepole.

Mongina alirudi nyuma na simu yake. Mwanga uliangukia jiwe la pili, lenye herufi A.F.

"Na hii, mzee? Ni alifariki, si ndio?"

Mzee alikuwa ameshaanza kuondoka.

"Anafungua," alisema bila kugeuka, na Mongina akasikia komeo likivutwa chini ya jiwe hilo.