Shati la Mpuliza Saksafoni

Kama hukuwahi kukanyagwa mguu mlangoni kwa Zumbe Jazz, usiniambie uliwahi kwenda dansini Korogwe. Jumapili alasiri, saa za bugi, ile dansi ya mchana ya vijana, watu walibanana pale hata pa kupenyeza mkono hapakuwepo. Bendi hiyo ilianza kupiga kabla ya Uhuru. Serikali ilipowaondoa machifu, ambao kwetu huitwa mazumbe, wote walirudi kulima kama sisi, lakini jina la bendi hakuna aliyethubutu kuligusa.

Mguu uliokanyagwa Jumapili hiyo ulikuwa wa Mashavu, binti wa Chanika, mpokea simu wa posta ya Handeni. Alivaa gauni la njano lililomkaa kiunoni na viatu vya raizoni vyeupe, vyenye soli nene, vilivyomwongezea kimo. Aliyemkanyaga alikuwa Muhidini wa Kerenge, fundi mitambo wa kiwanda cha mkonge, kijana mrefu kama nguzo, suruali yake pana ya bugaluu ikifagia vumbi.

“Kaka, huo uliousimamia ni mguu,” Mashavu alisema.

“Samahani dada. Nilidhani ni ngazi ya mlango.”

“Ngazi gani inavaa viatu?”

“Ya leo imevaa. Na imependeza.”

Mashavu alitaka kununa, akashindwa. Waliingia pamoja wakisukumwa na umati, na humo ndani Muhidini akagundua amekutana na mwendawazimu wa muziki. Mashavu alijua wimbo kabla ya gitaa kulia mara ya pili. Alijua mpiga ngoma akiinama hivi, basi anataka kubadilisha mwendo. Na mfupi mmoja, Fransisko, aliposogea mbele na saksafoni yake, Mashavu alifumba macho kama mtu anayeomba dua.

“Tangu nasoma darasa la tano namfuata huyu,” alisema.

“Yeye, au bendi?”

“Kaka, hata jina langu hujalijua, umeshaanza wivu?”

Alicheka. Muhidini naye alicheka, ila swali lile halikuondoka. Hivyo ndivyo alivyo mwanamume mwenye wivu. Hata akifurahi, jicho moja halilali.

Mapenzi yao yalikwenda kwa simu. Mashavu aliunganisha mwenyewe kutoka Handeni, na karani wa kiwanda akatoka kumwita Muhidini kwenye mitambo.

“Mpenzi, unanisikia?”

“Nakusikia roho yangu. Na karani naye anasikia.”

“Basi na ajue. Umekula?”

“Nimekula, sijashiba. Nitashiba Jumapili nikikuona.”

“Acha maneno yako ya nyimbo. Nimewazoea waimbaji mimi.”

Siku moja Muhidini alipata dukani kitenge cha bluu chenye samaki wekundu. Kilikuwa cha mwisho, na nyakati zile kupata nguo dukani ilikuwa bahati. Alimpelekea Mashavu kizima. Mashavu akashona gauni, akasema kilichobaki kitatoka shati la Muhidini, wavae sare. Nanyi mnajua sare maana yake. Mwanamke na mwanamume wakitokea na kitambaa kimoja, hakuna haja ya kuwatangaza.

“Shati langu liko wapi?” Muhidini aliuliza kila simu.

“Liko kwa fundi. Tulia, bwana.”

“Fundi gani?”

“Fundi anayejua kushona. Utaliona likija.”

Mbaruku, waliyekuwa wakifanya naye kazi kiwandani, ndiye aliyemwaga mafuta kwenye moto. “Ndugu yangu, msichana anayefuata bendi miaka yote hiyo hafuati ngoma,” alisema akijifuta grisi. “Ana mtu jukwaani. Mwulize huwa anaenda kufanya nini kule nyuma.”

Kweli, Muhidini alikumbuka. Jumapili iliyopita Mashavu alipotea nyuma ya jukwaa na kifurushi, akarudi mikono mitupu. Alipomwuliza, alijibu, “Mambo ya wanawake.” Nyuma ya jukwaa la wanaume watupu, mambo ya wanawake ni yapi? Aliogopa kuuliza zaidi, maana mjomba wake, Mzee Mhina, alikwisha kubali kwenda Chanika Ijumaa kumposea, na shangazi Hamisa, aliyemlea Mashavu, alikwisha arifiwa.

Ikafika Jumapili kabla ya posa. Mashavu alitokea na gauni la samaki, watu wakageuka kumtazama. Muhidini alikuwa na shati jeupe.

“La kwangu?”

“Leo leo utalipata, mume wangu mtarajiwa. Usinifanye nicheke.”

Pazia likafunguliwa. Wanamuziki wote walivaa kijivu, isipokuwa Fransisko. Yeye alikuwa ndani ya shati la bluu lenye samaki wekundu.

Ukumbi mzima uliona. Macho yalitoka jukwaani yakashuka kwenye gauni la Mashavu, yakarudi jukwaani, kisha minong'ono ikaanza. Mwanamke mmoja nyuma yao alisema, “Kumbe yule ndiye wake.” Mashavu alishika mdomo. Alikuwa ameduwaa, lakini Muhidini aliona mtu aliyefumaniwa. Hakusubiri wimbo uishe. Alipasua umati akatoka, na Mashavu alipomfuata na zile raizoni, alikuta barabara tupu.

Jumatatu Muhidini alimwambia mjomba wake asiende.

“Kwa sababu gani?” Mzee Mhina aliuliza.

“Ana mtu, mjomba.”

“Umemwuliza mwenyewe?”

“Niliona kwa macho yangu.”

“Sikukuuliza uliona nini,” mzee alisema. Safari ikafa, bila Chanika kuarifiwa.

Wiki ile simu ya kiwanda ililia mara nyingi. Karani alifundishwa kusema Muhidini yuko shambani. Ijumaa, Chanika, shangazi Hamisa alipika wali na kuku, majirani wakaja wamejitanda kanga mpya. Walikaa mpaka chakula kikapoa. Hakuna mgeni aliyebisha hodi, na majirani wakaaga mmoja mmoja bila kumtazama Mashavu usoni. Usiku ule na yeye alianza kushuku yake. Atakuwa na mke Kerenge. Alikuwa anatafuta pa kutokea. Alilia kwa aibu, kisha akalia kwa hasira, na hasira ndiyo iliyodumu.

Baada ya siku chache Fransisko alifika getini kwa kiwanda, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa gazeti. Muhidini alitoka na spana mkononi.

“Wewe unafuata nini hapa?”

“Nimeleta shati lako,” Fransisko alisema, macho kwenye spana. “Mimi ni fundi cherehani, kaka. Dansi ni Jumapili tu, siku nyingine nakaa barazani Manundu nashona. Mashavu aliniletea kitambaa na shati lako la zamani la kupimia. Alitaka akushtukize.”

“Na ukalivaa.”

Fransisko alikuna kichwa. “Sare yangu ilipasuka mgongoni nikiwa napanda jukwaani. Hili lako lilikuwa kwenye mkoba, limeshapigwa pasi. Mafundi tunajijua wenyewe. Nilidhani nitavaa nyimbo mbili tatu, nivue, nikukabidhi. Sikujua yeye atavaa la kwake siku hiyo. Amekuja kibarazani kwangu, amenitukana mpaka wateja wamekimbia.”

Muhidini alilijaribu palepale juu ya grisi. Mikono ilimfika sawasawa. Alikumbuka jinsi Fransisko alivyokuwa amekunja ile mikono mara tatu jukwaani, na shati likimfika karibu na magoti. Alikuwa ameona yote hayo, asiyaone.

Kesho yake alishuka kwenye basi Handeni akiwa na lile shati. Mashavu alimwona kupitia dirisha la posta. Alitoka, akasimama kivulini, mikono kifuani.

“Nimekukosea, Mashavu. Fransisko amenieleza kila kitu.”

“Amekueleza, ukaamini.”

“Nimeamini.”

“Na asingekuja kukueleza, ungekuja?”

Muhidini alitaka kusema ndiyo. Neno lilifika mdomoni, likamshinda. “Nisingekuja,” alisema.

“Basi umeliamini shati. Mimi hujaniamini bado. Shangazi yangu alikaa na vyungu vyake mbele ya mtaa mzima, Muhidini.”

“Niambie nifanye nini.”

“Jumapili nakwenda bugi. Nakwenda peke yangu. Wewe usiingie. Nikitoka, tutaona una nini cha kuniuliza.”

Jumapili hiyo Muhidini alikaa kwenye mgahawa ng'ambo ya barabara, chai ikapoa mbele yake. Kila saksafoni ilipolia, moyo ulimpanda. Mashavu amesogea karibu na jukwaa. Sasa Fransisko anamwinamia. Mbona wamekaa kimya, wamekwenda wapi? Mara mbili alisimama, mara mbili akakaa, mpaka mwenye mgahawa akamwuliza kama anaumwa. Alijibu kwamba anaumwa.

Jua likizama, watu walimwagika nje. Mashavu alikuja mwishomwisho, jasho linamtiririka, kitambaa cha kichwa kimelegea, na ua moja la waridi limechomekwa sikioni. Alisimama mbele ya meza akamtazama. Alingoja.

Nani amekupa ua? Umecheza na nani? Kwa nini umetoka wa mwisho? Maswali yalijipanga yote matatu.

“Walipiga vizuri?” Muhidini aliuliza.

Mashavu alivuta kiti, akakaa, akavuta kikombe cha Muhidini akainywa chai ile baridi yote.

“Walipiga vizuri sana,” alisema. “Mwambie Mzee Mhina aje Ijumaa. Na aje na njaa, maana shangazi hatapika mara ya tatu.”

Muhidini aliushika mkono wake akaubusu, watu wakiwatazama. Lile ua lilikuwa karibu kabisa na pua yake. Hakuuliza limetoka wapi siku hiyo, na nasikia hajauliza mpaka leo, ingawa mara nyingi hulifikiria.